Tela Lililochomoka Mara Mbili

Tarehe 9 Februari

Kwako mpwa wangu,

Mimi mjomba wako nina miaka sabini na tisa. Nimewazika matajiri watatu walionifukuza kazi, nimezika mashine mbili za kuchomelea, meno ishirini na moja, na yule daktari aliyesema nimebakiza miezi sita, huyo nilikwenda msibani kwake nikala nikashiba. Nasema haya ujue anayekuandikia bado yupo na mkono hautetemeki. Barua naiandika mwenyewe. Ukiona mistari inapanda mlima, hiyo ni meza, si mimi.

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Mkaza mjomba wako mzima ila goti, na goti lenyewe lina kelele kuliko maumivu. Dada yangu, yaani mama yako, alikaa hapa jikoni Jumapili akamenya vitunguu visivyo vyake, mwisho akasema nikikuandikia nikusalimu lakini nisiseme nimetumwa. Basi sikutumwa. Baba yako yupo na fimbo yake ipo. Nyonga ikishikwa na baridi hasemi na mtu mpaka jua liwe kali. Wewe hakutaji. Namba ya simu ulibadilisha bila kutuaga, ndiyo maana unanichosha kwa kalamu.

Sasa neno lenyewe. Lile tela la mashua ya baba yako nalivunja. Limekaa uani kwangu nyuma ya choo miaka tisa tangu siku ile lilipomvunja baba yako nyonga, na kuku wameligeuza wodi ya wazazi. Mashua yenyewe iliishia kuwa kuni, lakini tela ni chuma, na chuma hakifi mimi nikiwa hai. Naligeuza liwe tela la mizigo. Nang'oa yale magurudumu ya mpira yaliyokuwa yakitelezesha mashua, nakata nguzo ya winchi, nachomelea mapau ya kukatiza, nalaza mbao, nalitia mbavu pande zote nne. Litabeba mchanga, matofali, makabati ya wanaohama. Watu wakihama mtaa huu watakuja kunipigia magoti.

Kadi ya tela ulikuwa ukiitunza wewe. Kama ipo itume. Siombi ruhusa, naarifu.

Na lile la kufuli nilishakusamehe zamani. Kijana husahau. Kwenye kikao cha ukoo niliulizwa kama fundi, nikajibu kama fundi, kwamba kufuli ya kikombe cha tela haikufungwa vizuri juu ya gololi, lile tufe la chuma nyuma ya gari. Sikusema kwa ubaya. Mimi sina kinyongo na mtu.

Mjomba wako,
Mzee Shibiri

*

Tarehe 3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa mara sita, nikajua ni yako kabla ya kuifungua. Nashukuru kusikia hamjambo. Mpe pole mkaza mjomba kwa goti. Mama mwambie, kwa njia yoyote isiyoonekana kama nimemtuma mtu, kwamba nimeitikia.

Sisi wazima. Binti mkubwa ana miaka saba na anasoma kila kilichoandikwa, mpaka maandishi ya kwenye magunia. Mdogo anatambaa. Mimi bado niko ghalani, napokea nafaka na kuitoa. Kuendesha gari niliacha. Kazini naenda kwa baiskeli, na mke wangu amezoea.

Kadi ya tela iko ndani ya bahasha hii. Ilikuwa kwenye sanduku la nguo, sikuwahi kuitupa.

Nina ombi moja tu, Mjomba. Utakapomaliza, usitumie gololi ya zamani. Nunua gololi mpya na kikombe kipya, vyote viwili siku moja, duka moja, na muuzaji avivalishe mbele ya macho yako.

Kuhusu kufuli, nimesoma ulichoandika.

Mpwa wako

*

Tarehe 20 Machi

Kwako mpwa,

Kadi nimeipata. Salamu zako nimezipeleka kwa siri, nikampata mama yako sokoni nikamwambia kuna mtu ameitikia. Akageuka akaanza kubishana na muuza nyanya kuhusu nyanya ambazo hakuwa akizinunua. Baba yako alianguka bafuni lakini hakuumia, aliumia fahari tu. Mkaza mjomba wako anauliza mtoto wako wa pili ni wa kike au wa kiume, hukusema.

Tela linakwenda vizuri. Mapau manne nimeshayachomelea. Bomba la upande wa kushoto lilikuwa limeliwa na kutu kwa ndani kwa sababu baba yako alikuwa akilizamisha majini mpaka kwenye ekseli kama anabatiza, nikalikata nikaweka jingine. Bearingi nimezifungua, nimezijaza grisi. Springi nzima. Ukiona michomeleo yangu utadhani nyoka amelala usingizi, hakuna mkunjo.

Hapa jirani kuna fundi cherehani tunayemwita Sentimita kwa sababu hawezi kupita mbele ya kitu bila kukipima. Anakuja kila alasiri na utepe shingoni, anakaa juu ya tairi ya akiba, ananichokoza. Juzi kasema tela langu limepinda vidole viwili. Nikamwuliza vidole vya nani. Akasema vya shemeji yake asiyejua kupima. Mimi sina undugu naye. Nimepima kwa shibiri yangu miaka sitini, ndilo jina nililopewa kiwandani na wenye vyeti, na milango yao niliyotengeneza mpaka leo inafunga.

Ndiyo maana barua yako imeniuma. Mtunza magunia ananiambia mimi ninunue gololi! Gololi ile niliitoa mwenyewe kwenye kopo langu asubuhi ile nikaifunga kwenye pikapu ya baba yako. Naijua kwa kiganja. Nikiifumbata, ncha za vidole zikikutana na dole gumba hapa nijuapo mimi, basi ndiyo saizi. Haina ufa wala mkwaruzo. Gololi haikukosa, aliyekosa tunamjua na tumemsamehe. Nitaifunga hiyo hiyo kwenye pikapu yangu na utaarifiwa.

Mzee Shibiri

*

Tarehe 11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mtoto wa pili ni wa kiume. Wazima wote. Poleni kwa baba kuanguka.

Naandika kwa haraka ili barua iwahi. Ukishikilia kuitumia gololi ile, sina la kukuzuia. Lakini siku utakayojaribu, asisimame mtu nyuma ya tela. Hasa pale getini, kwa kuwa kutoka kwako ni mwinuko mtupu hadi barabarani. Mkaza mjomba asisimame getini. Tafadhali msomee mstari huu yeye mwenyewe.

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Mei

Mpwa wangu,

Tu wazima. Neno hilo nimeliandika nikaliangalia muda mrefu. Tu wazima wote, hakuna aliyeumia. Mama yako mzima, baba yako mzima. Mengine ya nyumbani sina leo.

Tela lilikamilika Jumanne. Nililipaka rangi ya kijani. Alhamisi saa nne asubuhi nikalijaza mchanga nusu, nikalivuta mpaka nyuma ya pikapu, nikalivalisha. Gololi ile ile, kikombe kile kile. Nikashusha kufuli kwa mkono wangu mimi. Nikasikia ikigonga, tak. Nikapiga teke, nikavuta, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Nikamwita Sentimita aje ashuhudie, nikamwambia tazama, kufuli imefungwa au haikufungwa? Akasema imefungwa. Nikamwambia ukumbuke hivyo, kuna mtu nataka kumwandikia.

Mkaza mjomba wako alikuwa ameshika geti, kama kawaida, ili akishaona tela limetoka alifunge kuku wasitoke. Barua yako nilimsomea, mimi ni mtu wa ahadi, ingawa niliisoma kwa sauti ya kuigiza. Akaacha geti. Akasema kijana kasema nisikae hapa, sikai. Nikamcheka. Nikamwambia tangu lini goti lako likawa na akili. Akaenda akasimama kibarazani kwa Sentimita, akakunja mikono.

Nikapanda mwinuko kwa gia ya kwanza. Pale kwenye tuta la mfereji gari likanyanyuka likashuka. Halafu likawa jepesi.

Sijui nikuelezeje wepesi ule. Nilitazama kioo nikaona tela langu la kijani linaniacha. Halikupiga kelele. Lilikwenda taratibu, halafu si taratibu, likaingia getini pale hasa, na geti nililolichomelea mimi mwaka wa mafuriko likalala chini kama mkeka. Kuku wawili wamekufa. Mchanga ulimwagika mpaka jikoni.

Mkaza mjomba wako hakupiga ukelele. Alitazama pale alipokuwa amesimama. Halafu akakaa chini palepale kibarazani, akavua viatu, akavishika mkononi mpaka adhuhuri. 

Nikakimbilia kikombe. Kufuli bado ilikuwa imefungwa. Mpwa wangu, nakuandikia polepole uelewe. Tela lilikuwa limechomoka na kufuli imefungwa.

Sentimita akaenda duka la vipuri akaazima kile kipimo cha chuma chenye taya mbili. Akaibana gololi, akaingiza kwenye kikombe, akarudia. Nilitaka anichokoze. Hakunichokoza. Akasema, "Mzee, hivi si vya pamoja. Kikombe ni cha hamsini, gololi ni arobaini na saba." Tofauti ni unene wa kifungo cha shati. Kinafunga vizuri mahali pa tambarare, ukikutana na tuta kinaruka. Akasugua kutu kwa kitambaa akanionyesha, namba zimegongwa juu ya gololi na nyingine juu ya kikombe, tangu kiwandani. Zimekaa hapo miaka yote. Maandishi makubwa ya mkono naweza, kwa miwani ya mkaza mjomba wako, lakini namba ndogo macho yangu hayakuwahi kuzishika, na hili sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wewe sasa hivi.

Siku ya baba yako pia lilikuwa geti. Pia alikuwa akilifunga nyuma ya mashua inayopanda. Na wewe ulisema umefunga kufuli, ukasema mara moja, ukanyamaza.

Nakuuliza nawe unijibu. Ulijua?

Mjomba

*

Tarehe 25 Mei

Mjomba, shikamoo.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya mkaza mjomba. Barua yako niliisoma nimesimama ghalani, msimamizi akadhani nimefiwa, akanipa ruhusa nikaenda nyumbani.

Umeuliza, nami sitakudanganya. Nilijua, ila si asubuhi ile. Asubuhi ile nilishika tela nikalitikisa, nikakuambia, Mjomba, inacheza. Ukanijibu mbele ya watu, "Inacheza ngoma gani?" Wote wakacheka, na baba akacheka. Nikafunga kufuli, nikapanda gari. Hilo ndilo kosa langu, kwamba kicheko kilinishinda.

Jioni, baba akiwa hospitali, niliifungua gololi nikaisoma. Kesho yake kabla ya kikao nilikufuata pale mlangoni, viatu vya watu vimejaa, nikakuwekea gololi kiganjani. Nilisema, "Mjomba, isome kabla hatujaingia." Ukaigeuza, ukaipandisha kwenye mwanga, ukasema nzima kabisa. Ukaitia mfukoni. Ukaingia ndani, ukasema uliyosema.

Ningesema nini baada ya hapo? Wewe ndiye fundi, wewe ndiye kaka wa mama yangu, na wewe ndiye uliyenifundisha kushika nyundo. Ningebishana, ningekuwa mtoto aliyemvunja baba yake nyonga na sasa anamvua nguo mjomba wake. Baba aliponiambia nisikanyage kwake, nilitoka.

Lakini nakiri jambo. Miaka tisa yote nilidhani uliisoma. Nilidhani uliona namba, ukapima, ukanichagua mimi. Ndiyo maana nilibadilisha simu. Sikujua kuwa huwezi kuzisoma, Mjomba. Ulikuwa ukisoma gazeti kila asubuhi mbele yetu.

Usimwambie baba. Nyonga haitarudi, na wewe ni mzee, watakucheka mtaani siku zote zilizobaki. Mimi nimeshazoea huku. Yaishe kati yetu.

Mpwa wako

*

Tarehe 19 Juni

Mpwa wangu,

Gazeti nilikuwa nikitazama picha, maana maandishi madogo siyaoni, na habari nikizisikia redioni. Sasa umejua yote.

Salamu baadaye. Ule mstari wako, nilidhani uliisoma, nimeurudia mpaka karatasi imechakaa pale. Mimi ni mwongo wa mambo mengi. Nimedanganya kuhusu samaki, kuhusu wanawake, kuhusu umri nilipooa. Nilikaa nikawaza, kijana huyu aliamka kila siku miaka tisa akijua mjomba wake ni mtu wa namna hiyo, na bado akaandika shikamoo. Nilishindwa kula siku mbili, na wewe unajua mimi siachi chakula hata msiba uwe wangu.

Umesema nisimwambie. Mimi sikuwahi kutii mtu nikiwa na meno, nitaanza leo?

Jumapili ya wiki jana niliwaita kwa baba yako wote walio hai kati ya waliokuwa kwenye kikao kile. Tulikuwa tisa, tumebaki watano. Sentimita nikampakia kwenye pikapu na kipimo chake. Nikaweka gololi na kikombe juu ya meza ya chakula, dada yangu akaanza kugomba kuhusu kitambaa cha meza na grisi, halafu akaona uso wangu akaacha.

Nilisema nimesimama. Nilisema kufuli ilifungwa. Nilisema gololi ni yangu, niliitoa koponi kwangu, nikaipima kwa kiganja kwa kuwa namba ndogo siwezi kuzisoma, kijana akaniambia inacheza nikamfanya kichekesho, akaniletea mkononi niisome nikaona haya kusema sizioni. Nilisema kwa miguu yangu niliingia chumba kile kile na nikampa mtoto wa dada yangu kosa langu alibebe. Sikupamba. Hata Sentimita alinitazama kama hanijui.

Yule binamu wa baba yako mwenye duka la saa, ambaye hawezi kunyamaza, aliinama akazisoma zile namba zilizogongwa. Dada yangu aliingia chumbani, tukamsikia anafungua droo na kufunga, anafungua na kufunga, hatafuti kitu.

Baba yako akavuta kikombe kwa fimbo. Akakivalisha juu ya gololi mwenyewe, akashusha kufuli, tak. Akavuta, kikashika. Akavuta tena kwa kukitikisa upande, kikatoka, kufuli imefungwa. Akarudia. Nilihesabu mara nane. Mara ya nane Sentimita akamshika mkono.

Nilidhani atanipiga, nikavua miwani nikaiweka mezani, maana miwani si ya kwangu, ni ya mke wangu. Hakunipiga. Aliniuliza, "Mtoto wake mkubwa ana miaka mingapi?" Nikamwambia saba, na wa pili ni wa kiume, anatambaa. Akasema, "Saba." Basi. Akainuka akaenda kusimama dirishani na mgongo wake, na tukakaa na ule mgongo hadi chai ikapoa.

Baba yako hajasema nami tangu siku hiyo. Ana haki, na sitamharakisha. Mtaani wanacheka, watoto wa Sentimita wananipimia mkate kwa utepe. Wacheke. Tela nimelitia gololi na kikombe vya duka moja, muuzaji amevivalisha mbele ya macho yangu na mkaza mjomba wako amesoma namba kwa sauti, mbele ya foleni ya watu.

Ukitaka kujua kama niliyoandika ni kweli, au ni Mzee Shibiri tena na mambo yake, waulize hawa. Muulize fundi cherehani, alikuwepo getini na alikuwepo mezani. Muulize mkaza mjomba wako, hajawahi kuniunga mkono katika jambo lolote na katika hili ameniunga. Muulize binamu mwenye duka la saa, hata usipomuuliza atakuambia. Mama yako usimuulize kwa barua, atalia juu ya karatasi na mtakosa kusoma.

Shahidi wa tano sitamwandika hapa. Jana amepita mtu kuniambia kwamba baba yako, ambaye tangu avunjike hajapanda basi, amekata tiketi mbili za Ijumaa na kumnyooshea mama yako nguo kwa mkono wake. Wanafika kwako Jumamosi asubuhi, na barua hii nampa dereva wa basi la kesho ili iwatangulie. Muulize yeye mwenyewe.

Mjomba wako